Maktaba Penye Matanga: Dhima ya Fasihi na Sanaa katika Maktaba ya Geto la Vilna, 1941–1943

Utangulizi

Suala la dhima ya sanaa ni kongwe katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Wapo wanaoshikilia kwamba fasihi huburudisha na kuliwaza, na wapo wanaosisitiza kwamba kazi yake ya kwanza ni kuizindua jamii. Aghalabu mjadala huu huendeshwa darasani, mahali ambapo pande zote mbili zi salama na hakuna apotezaye kitu kwa kushindwa hoja. Makala hii inadhamiria kuuchunguza mjadala huo huo mahali ambapo haukuwa na usalama wowote: katika maktaba ya umma iliyoendeshwa na Wayahudi ndani ya geto la Vilna wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na katika shughuli za fasihi, muziki na maonyesho zilizoizunguka maktaba hiyo.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mtengano kati ya kuliwaza na kuzindua, ambao umezoeleka katika vitabu vya nadharia, ulivunjika mikononi mwa wasomaji wenyewe. Mkutubi mkuu wa maktaba hiyo alianza kwa kuupinga upande mmoja na akaishia kuuandikia kumbukumbu kwa heshima. Safari yake ya kimawazo ndiyo mhimili wa makala hii.

Usuli wa mji, lugha na maktaba

Vilna ndio mji unaojulikana leo kwa jina la Vilnius, ulio mji mkuu wa Lithuania. Kati ya vita viwili vya dunia ulikuwa chini ya Poland. Wayahudi waliuita Yerusalemu ya Lithuania kwa sababu ya wingi wa wanazuoni wake, shule zake, mitambo yake ya uchapishaji na maktaba zake. Ni humo ambamo taasisi ya utafiti ya YIVO ilianzishwa mwaka wa 1925 kwa lengo la kuchunguza lugha ya Kiyidi na maisha ya wasemaji wake.

Kiyidi ni lugha iliyochipuka miongoni mwa Wayahudi wa Ulaya. Msingi wake ni Kijerumani, nacho kimechota msamiati mwingi kutoka Kiebrania na lugha za Kislavoni. Huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Hali hii si ngeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye tenzi za kale za lugha yake zimehifadhiwa katika miswada ya herufi za Kiarabu. Kwa muda mrefu Kiyidi kilidunishwa kuwa lugha ya jikoni na sokoni, isiyostahili elimu. Kufikia karne ya ishirini, hata hivyo, kilikuwa na riwaya, magazeti, tamthilia na shule zake. Kukitumia hadharani kulikuwa tamko la kujithamini.

Miongoni mwa maktaba za mji huo kulikuwapo ile ya chama cha kueneza elimu miongoni mwa Wayahudi, iliyokuwa katika jengo nambari 6, Mtaa wa Strashun. Ilikuwa na vitabu vipatavyo 45,000. Haifai kuichanganya na Maktaba ya Strashun, iliyokuwa mashuhuri zaidi na ambayo ilitokana na mkusanyo wa mwanazuoni Matityahu Strashun, aliyefariki mwaka wa 1885. Hii ya pili ilikuwa hazina ya wanazuoni. Ile ya kwanza ilikuwa maktaba ya kuazimisha vitabu kwa watu wa kawaida. Historia iliamua kwamba ya kawaida ndiyo iangukie ndani ya mipaka ya geto.

Majeshi ya Ujerumani ya Wanazi yaliingia Vilna mwezi wa Juni, 1941. Tarehe 6 Septemba mwaka huo Wayahudi waliosalia walifungiwa katika mageto mawili. Dogo liliangamizwa pamoja na watu wake mwezi wa Oktoba. Kufikia mwisho wa mwaka, zaidi ya Wayahudi 30,000 wa mji huo walikuwa wamekwisha kuuawa, wengi wao katika msitu wa Ponary nje ya mji. Waliobaki katika geto kubwa walikuwa takribani 20,000.

Maktaba inafunguliwa upya

Aliyeichukua maktaba ya Mtaa wa Strashun alikuwa Herman Kruk, mzaliwa wa mji wa Plock, Poland, mwaka wa 1897. Kruk alikuwa mfuasi wa Bund, chama cha kisoshalisti cha wafanyakazi wa Kiyahudi, naye alikuwa ameongoza Maktaba ya Grosser jijini Warsaw kabla ya kukimbilia Vilna vita vilipoanza mwaka wa 1939. Siku chache tu baada ya watu kufungiwa, yeye na wenzake walikuwa wakivipanga vitabu. Kabla ya mwezi wa Septemba kwisha vitabu vilikuwa vikiazimwa. Baadaye palifunguliwa chumba cha kusomea, na wakutubi wakaanza pia kukusanya nyaraka na vitu vya thamani vya kidini na kihistoria vilivyookolewa kutoka nje.

Yafaa kutua hapa na kuitafakari hali yenyewe. Chumba kimoja kililaliwa na familia kadhaa. Chakula kilikuwa cha kugawiwa kwa kipimo kisichoshibisha. Watu walichukuliwa usiku wasirudi. Katika mazingira kama hayo, mkutubi aliweka kadi za wasomaji, akawasisitizia watunze vitabu visichafuke wala kuraruka, na akafuatilia waliochelewa kuvirudisha. Huenda mtu akaiona kazi hiyo kuwa ya kichekesho. Lakini kila kadi ilikuwa na jina la mtu, na jina hilo lilihesabiwa miongoni mwa walio hai. Kitabu kisiporudi, mkutubi alijua kwamba mara nyingi sababu yake haikuwa uzembe.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba Kruk alikuwa mtu wa takwimu. Alihesabu wasomaji kwa umri, kwa lugha na kwa aina za vitabu, na katika vuli ya 1942 akaandika ripoti ndefu juu ya mwaka wa kwanza wa maktaba. Ripoti hiyo, pamoja na shajara yake, ndiyo inayomwezesha mtafiti wa leo kuijadili hadhira ya geto kwa ushahidi badala ya kubahatisha.

Mgogoro kuhusu jukwaa

Mwezi wa Januari, 1942, zikatangazwa habari za onyesho la kwanza la muziki na maigizo ndani ya geto. Polisi wa geto, wakiongozwa na Jacob Gens, waliliunga mkono. Onyesho lilifanyika tarehe 18 mwezi huo. Kruk na wenzake wa Bund walilipinga kwa hasira, na vikaratasi vya upinzani vikabandikwa mitaani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: makaburini si mahali pa kuigizia. Mswahili angesema kwamba penye matanga hapapigwi ngoma.

Hoja hiyo ina uzito. Damu ya Ponary ilikuwa haijakauka. Waliosimamia onyesho walikuwa sehemu ya utawala uliolazimishwa kutekeleza amri za muuaji. Burudani iliyoandaliwa kwa mkono huo ingeweza kuwa namna ya kuwatuliza watu wasiulize maswali. Mhakiki anayeamini kwamba sanaa ina wajibu wa kuzindua hawezi kuipuuza shaka hiyo.

Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi ataikumbuka mbolezi. Jamii nyingi zina nyimbo zinazoimbwa msibani penyewe, tena mbele ya maiti, na anayeziimba hahesabiwi kuwa ameidharau huzuni. Ngoma na kilio havijawahi kuwa maadui wa asili. Swali la kweli, basi, halikuwa kama sanaa inaruhusiwa penye kifo. Swali lilikuwa ni sanaa ipi, inaandaliwa na nani, na inamfanyia nini anayeisikiliza.

Jibu lilikuja polepole, nalo lilitolewa na hadhira. Kumbi zilijaa. Waandishi na wasanii wa geto waliunda chama chao, kikiongozwa na mwanaisimu Zelig Kalmanovitch wa YIVO, na jioni za fasihi zikaanza kufanyika. Mwezi wa Machi, 1942, chini ya miezi miwili baada ya kulipinga onyesho la kwanza, Kruk aliandika katika shajara yake akikiri kwamba uhai una nguvu kuliko yote, kwamba maonyesho yaliyosusiwa hapo awali sasa yanakumbatiwa na watu, na kwamba jioni za fasihi hazina nafasi ya kutosha. Hakuifuta hasira yake ya Januari. Aliiacha ikae katika kurasa zile zile pamoja na ungamo la Machi, na hiyo ndiyo sababu shajara yake inaaminika.

Msomaji wa geto alisoma nini?

Kama jukwaa lilimsumbua Kruk, rafu za vitabu zilimsumbua vilevile. Takwimu zake zilionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya vitabu vilivyoazimwa vilikuwa vya hadithi na riwaya. Vitabu vya elimu vilikuwa sehemu ndogo mno. Sehemu kubwa ya wasomaji walikuwa watoto na vijana. Zaidi ya hayo, vitabu vingi vilivyoombwa vilikuwa vya Kipolandi, ingawa wanaharakati wa utamaduni walitamani Kiyidi kitangulie. Jukwaani lugha ya jamii ilitawala. Msomaji alipokuwa peke yake na kitabu, aghalabu alichagua lugha aliyosomeshwa shuleni. Yeyote anayejishughulisha na makuzi ya lugha ya Kiafrika ataitambua hali hiyo mara moja.

Kruk aliwagawa wasomaji wake katika makundi mawili. Kundi kubwa lilisoma ili lisahau. Hadithi za mapenzi na za upelelezi zilikuwa kwao kama kileo, nazo ziliwatoa ndani ya kuta kwa saa chache. Kundi dogo, ambalo aliliona kuwa limekomaa kijamii, lilitafuta vitabu vya kuwasaidia kuielewa hali yao: riwaya ya Tolstoy juu ya vita na amani, historia ya mateso ya Wayahudi katika zama za Vita vya Msalaba, na zaidi ya vyote riwaya ya Franz Werfel ya mwaka wa 1933, *Siku Arobaini za Musa Dagh*, inayosimulia upinzani wa Waarmenia mlimani mwaka wa 1915 walipokuwa wakiangamizwa.

Mgawanyo huo unafanana sana na ule wa nadharia zetu: wanaoburudika upande huu, wanaozinduka upande ule. Lakini riwaya ya Werfel yenyewe inauvuruga. Ni hadithi ya kubuni, yenye visa vya kusisimua, na kwa hesabu za mkutubi ingeingia katika safu ya hadithi pamoja na zile za kusahaulisha. Msomaji aliyeifungua ili atoroke geto kwa jioni moja alijikuta mlimani na watu wengine waliozingirwa. Alitoroka akarudi mahali alipotoka, safari hii akiwa anapaona. Muhimu zaidi ni kwamba Kruk, licha ya kulalamikia usomaji wa kusahau, hakuvifungia vitabu vya kusahaulisha. Aliendelea kuviazimisha.

Desemba 13, 1942

Mwishoni mwa mwaka wa 1942 maktaba ilifikisha vitabu laki moja vilivyoazimwa tangu geto lianze. Tarehe 13 Desemba iliandaliwa hafla ya kuiadhimisha idadi hiyo. Mahali palipochaguliwa ni ukumbi wa maonyesho, yaani jukwaa la aina ile ile ambayo Kruk alikuwa ameilaani miezi kumi na moja kabla. Palitolewa hotuba, msomaji wa geto akachambuliwa, kisha ikafuata programu ya sanaa.

Mmoja wa waliohudhuria alikuwa mvulana aitwaye Yitskhok Rudashevski, aliyetimiza umri wa miaka kumi na mitano siku tatu tu kabla ya hafla. Alifika pamoja na wanafunzi wenzake baada ya masomo. Katika shajara yake aliandika kwamba kusoma ndiyo raha yake kuu humo getoni, na kwamba kitabu kinawaunganisha na ulimwengu na siku zijazo. Katika maelezo hayo raha na mwamko vimekaa katika pumzi moja, wala mwandishi hahisi haja ya kuvitenganisha.

Yafaa kuipima ile laki moja. Katika geto la watu wapatao 20,000, ni sawa na vitabu vitano kwa kila mtu, mzee na mtoto, katika muda wa miezi kumi na mitano. Baadhi ya waliozichangia hesabu hizo hawakuwapo tena siku ya hafla. Kwa hiyo sherehe ile ilikuwa pia kumbukumbu ya marehemu, ingawa haikuitwa hivyo. Matanga na ngoma vilikutana ukumbini, na hapana aliyeaibika.

Kutoka kusoma hadi kutunga na kukusanya

Kilele cha shughuli hizi kilionekana kwa vijana. Katika klabu yao palikuwa na makundi ya fasihi, ya historia na ya ushairi, hili la mwisho likiongozwa na mshairi Abraham Sutzkever. Vijana hawakuishia kusoma. Waliandika historia ya nyua walimoishi kwa kuwahoji wakazi mlango kwa mlango, na walikusanya misemo, mizaha na nyimbo zilizozuka ndani ya geto. Huo ni utafiti wa nyanjani kwa maana yake kamili, uliofanywa na wanafunzi waliojua kwamba watoa taarifa wao huenda wasiwepo kesho.

Mwaka wa 1943 vijana hao waliandaa maonyesho juu ya Yehoash, mshairi aliyeitafsiri Biblia ya Kiebrania kwa Kiyidi. Baadhi ya vitu vilivyoonyeshwa viliingizwa getoni kwa siri kutoka jengo la YIVO. Wanazi walikuwa wamewalazimisha Kruk, Kalmanovitch, Sutzkever, mshairi Shmerke Kaczerginski na wengineo kuchambua vitabu vya Kiyahudi huko: sehemu ndogo ipelekwe Ujerumani, iliyobaki ipelekwe viwandani kusagwa. Kikosi hicho, kilichobandikwa jina la Brigedi ya Karatasi, kilificha vitabu na miswada mavazini na kuivusha langoni kwa kuhatarisha maisha. Hivyo maonyesho ya wanafunzi yalitegemea watu ambao wangeweza kuuawa kwa ajili ya karatasi moja.

Mashindano ya utunzi yaliendelea pia. Mwaka wa 1942 Sutzkever alituzwa kwa shairi refu juu ya mtoto aliyezaliwa makaburini. Ni vigumu kupata jibu la moja kwa moja zaidi kwa vikaratasi vya Januari. Mwaka uliofuata, katika shindano la muziki, alishinda mvulana wa miaka kumi na mmoja, Alek Volkoviski. Kaczerginski aliutilia muziki wake maneno ya Kiyidi, ukawa wimbo uitwao *Shtiler, shtiler*, yaani kimya, kimya. Kiutanzu ni bembelezi: mama anamtuliza mwanawe. Kimaudhui ni habari za Ponary na za baba asiyerudi. Wimbo huo mmoja unatosha kuuhoji mgawanyo wa dhima. Bembelezi ni utanzu wa kuliwaza kuliko tanzu zote, na hapa umebeba taarifa nzito kuliko zote. Anayeuimba analiwaza na kushuhudia kwa wakati mmoja, tena mapigo ya wimbo ndiyo yanayoupitisha ushahidi kinywani bila kumkaba.

Hatima

Geto la Vilna lilivunjwa Septemba 23 na 24, 1943. Rudashevski na jamaa zake walijificha, wakagunduliwa, wakauawa Ponary. Binamu yake aliyenusurika ndiye aliyeipata shajara baadaye. Kruk alipelekwa katika kambi za kazi nchini Estonia, ambako aliendelea kuandika. Tarehe 17 Septemba, 1944, katika kambi ya Lagedi, alizika maandishi yake mbele ya mashahidi. Siku iliyofuata aliuawa pamoja na wafungwa wengine. Siku moja baadaye jeshi la Kisovyeti likafika. Shahidi mmoja alinusurika, akarudi, akafukua. Shajara ilichapishwa na YIVO kwa Kiyidi mwaka wa 1961, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka wa 2002.

Sutzkever na Kaczerginski, waliokuwa wametorokea kwa wapiganaji wa msituni, walirejea Vilna mwaka wa 1944 na kuanza kufukua walichokuwa wamekificha. Dina Abramowicz, aliyekuwa akifanya kazi katika maktaba ya geto, alifika New York baada ya vita, akawa mkutubi wa YIVO iliyokuwa imehamia huko. Aliwahudumia watafiti hadi karibu na kifo chake mwaka wa 2000.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba maktaba ya geto la Vilna ilikuwa zaidi ya ghala la vitabu. Ilikuwa na rafu, jukwaa, makundi ya utafiti na kumbukumbu, na kila kimoja kilikitegemea kingine. Aliyeazima riwaya ili asahau ndiye aliyehesabiwa katika takwimu, akachambuliwa katika hotuba, akaketi kusikiliza muziki, na mwanawe akaenda kukusanya misemo ya uani. Kuliwazwa kulimpa nguvu ya kushuhudia, na kushuhudia kukawa faraja yake.

Mafunzo yaliyopo kwa wanafunzi wa Kiswahili ni bayana. Kwanza, anayedai kwamba fasihi ya burudani haina tija anapaswa kwanza kuwahesabu wasomaji wake, kama Kruk, na kukubali hesabu hata zinapomkera. Pili, jioni ya mashairi isiyoacha kumbukumbu imefanya nusu ya kazi. Tatu, mhakiki ana haki ya kubadili msimamo wake, mradi asiufute ule wa kwanza. Kruk alikuwa na muda wa kuirekebisha shajara yake ili aonekane kuwa aliona mbali tangu mwanzo. Hakufanya hivyo. Aliiacha jinsi ilivyokuwa, akimwamini msomaji ambaye hakutarajia kumwona.